Leicester Hajajibu

Sisi huku Savage tumeumaliza mwezi wa Ramadhani salama. Theluji ilitususa karibu msimu mzima wa baridi, kisha ikaja mwishoni mwa Machi, watu wameshaanza kutoa baiskeli gereji, ikatukuta tunakula daku. Mwezi uliopita sikuandika, na baadhi yenu mmeniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na jambo ambalo sikutaka kulisimulia kabla ya kupata ruhusa ya mwenyewe. Ruhusa nimeipata juzi kwa sharti moja: nisiseme kwamba anampenda Bon Jovi. Basi hampendi Bon Jovi.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba mimi ni mtu wa rock. Nimezaliwa Tanga, naendesha basi la shule, nina watoto watatu, na nywele zimeanza kunikimbia, lakini gitaa likikwaruza roho yangu inasimama. Lawama zote ni za kaka yangu mkubwa. Alikuwa baharia, na kila akirudi nyumbani Ngamiani alitoka na kaseti mfukoni: Deep Purple, Led Zeppelin, Queen. Hiyo ni Tanga ya miaka ya themanini. Upande wa pili wa ukuta majirani wanasikiliza taarabu ya Black Star na Lucky Star, muziki wa watu wenye adabu zao, na upande wetu kuna kelele ambayo mama aliifananisha na bati linaloburutwa barabarani. Hakukosea sana. Mimi nililipenda bati hilo.

Ukiwa mtu wa namna hiyo, na Mswahili, na unaishi ughaibuni, wa kuzungumza naye ni shida. Wenzangu kazini wanaijua rock lakini hawajui kwa nini nacheka nikisikia neno "bati". Wenzangu msikitini wanajua bati, rock hawaitaki. Ndiyo maana mwaka 2019, ile filamu ya Freddie Mercury ilipokuwa imewatia watu wazimu, niliandika maoni yangu kwa Kiswahili chini ya video moja ya Queen, wala sikutarajia jibu. Watu watatu wakanijibu, kwa Kiswahili, wakinipinga. Kabla ya wiki kwisha tulikuwa na kundi letu la WhatsApp, watu wanne.

Tuliitana kwa miji yetu, na hakuna aliyeamua iwe hivyo. Mmoja yuko Leicester, Uingereza, mzee wa Unguja aliyehamia huko mwaka 1984. Mmoja yuko Muscat, mwalimu, mama wa wavulana wanne. Mmoja ni kijana wa Nairobi anayesoma chuo kikuu hapa hapa Minnesota, Mankato, mwendo wa saa moja na ushee kutoka kwangu. Mimi ni Savage. Wanaojua Kiingereza wanajua maana yake, na Leicester hakuniacha nipumzike: "Mshenzi wetu kaamka?" Nilimweleza mara kumi kwamba ni jina la ukoo, la Marion Savage, tajiri aliyekuwa na farasi aitwaye Dan Patch, ambaye mwaka 1906 alikimbia maili moja kwa dakika 1 na sekunde 55 kwenye maonyesho ya jimbo. Mpaka leo kila Juni mji wetu unafanya sherehe kwa jina la farasi huyo. Leicester akasema, "Kwa hiyo wewe unaishi kwa hisani ya farasi."

(Kuna jambo jingine kuhusu mji huu ambalo naona linawahusu zaidi wasomaji wa gazeti hili kuliko farasi. Kuanzia 1942 hadi 1944, wakati wa vita, jeshi la Marekani liliweka hapa shule ya lugha ya Kijapani, Camp Savage. Wengi wa wanafunzi walikuwa vijana waliozaliwa Marekani na wazazi Wajapani, na wengine kati yao Kijapani cha nyumbani kilikuwa kimewatoka mdomoni, wakawa wanafundishwa darasani lugha ya mama zao. Kila nikipita na basi karibu na mahali pale huwa nawatazama watoto wangu kwenye akili yangu.)

Mtu akichungulia kundi letu hataelewa tunazungumza nini. Asubuhi Muscat anaandika kwamba mwanawe wa tatu kang'oka jino na kalimeza. Leicester anamjibu kwa habari ya mpiga gitaa fulani aliyekatika uzi jukwaani. Mimi naleta malalamiko ya mtoto aliyetapika ndani ya basi langu saa moja asubuhi, na Mankato analeta wimbo wa Duma, wale vijana wa Nairobi ambao albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, muziki mkali kiasi kwamba Muscat aliandika, "Mie hiki nikikiweka, paka atahama." Mankato ndiye aliyetufundisha sisi wazee kwamba Nairobi ina rock yake, ina Parking Lot Grass, ina Last Year's Tragedy, na ilikuwa na redio nzima ya rock, X FM. Sisi tulidhani tuko peke yetu.

Ubishi wetu wa kudumu ni Freddie. Je, ni wetu? Muscat anasema ni wetu, kazaliwa Unguja 5 Septemba 1946, baba yake alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu, na nyumba inayotajwa kuwa yao ipo Shangani, siku hizi ni makumbusho. Leicester anasema mtu aliyepelekwa shule India tangu ana miaka minane, akaondoka Zanzibar na wazazi wake mwaka 1964, na hakurudi kupiga hata wimbo mmoja, huyo kajitoa mwenyewe. Mimi huwa nasimama upande wa Freddie kwa sababu moja tu. Familia ilifikia Feltham, karibu na Heathrow, na kijana akafanya kazi ya kubeba mizigo pale uwanja wa ndege. Ninawajua watu wangapi waliofika Minnesota na shahada zao wakaanzia kwenye mizigo pale uwanja wetu? Mtu akishabeba mizigo uwanja wa ndege ugenini, mimi namhesabu kuwa mwenzetu.

Leicester mwenyewe anadai alikuwepo Knebworth 9 Agosti 1986, onyesho la mwisho la Queen wakiwa na Freddie. Watu walizidi 100,000 siku ile, lakini nikiwahesabu wote ninaowasikia wakisema walikuwepo wanafika milioni. Hata hivyo yeye namwamini, kwa sababu hasimulii muziki. Anasimulia jinsi alivyokosa choo.

Sasa nije kwenye tiketi. Mwaka 2023 tulipanga kukutana. Queen wakiwa na Adam Lambert walikuwa wanakuja Saint Paul, ukumbi wa Xcel Energy Center, 27 Oktoba 2023. Leicester alisema atapanda ndege, Muscat akasema mume wake kakubali, na mimi kwa furaha yangu nikanunua tiketi nne kwa kadi, nikamwambia mama watoto baadaye. Kilichofuata mnaweza kukikisia. Muscat hakupata miadi ya viza kwa wakati. Leicester figo zake zilikuwa zimeshindwa kabisa tangu kiangazi, akaanza kusafishwa damu kwa mashine, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne kila safari. Mtu wa ratiba ile hapandi ndege kwenda kusikiliza gitaa.

Kwa hiyo tukaenda mimi, Mankato, binti yangu wa miaka 15, na mama watoto ambaye alikubali kwa sharti la kuondoka akichoka. Binti yangu anapiga gitaa la besi shuleni. Mwalimu wake wa kweli ni Leicester. Alimfundisha kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili, kwa sababu mzee alikataa kata kata kuzungumza naye Kiingereza. Alimfundisha ile besi ya "Another One Bites the Dust" aliyoitunga John Deacon: "Usikimbize kidole, mwanangu. Acha nafasi. Ile nafasi nayo ni sehemu ya wimbo." Binti alikuwa akinijia jikoni na simu: "Baba, 'kubana uzi' ni nini?" Akamwita Babu Leicester, na kwake hakuwa mtu wa kwenye simu, alikuwa babu.

Kwa wazazi wanaoniuliza kuhusu watoto na maonyesho haya, nitasema mawili tu. First Avenue ya Minneapolis, ile kituo cha zamani cha mabasi ya Greyhound ambako Prince alirekodi "Purple Rain" jukwaani Agosti 1983, maonyesho yake mengi ni ya miaka 18 kwenda juu, kwa hiyo binti yangu bado anaitazama kwa nje. Kumbi kubwa hazina tabu hiyo. La pili ni masikio. Kwa desibeli 85 sikio linavumilia saa nane. Kila zikiongezeka tatu muda unapungua nusu, na zikifika 100 ni robo saa tu. Minneapolis tangu 2014 ina sheria kwamba baa na kumbi za muziki ziwe na vizibo vya masikio vya bure. Saint Paul sikutaka kubahatisha, nikanunua duka la dawa. Binti alivaa vyake bila kubisha. Mama watoto alivaa jozi mbili.

Tulipita barabara ya 13, kisha 35E mpaka mjini. Taa zilipozimwa ilikuwa karibu saa mbili usiku. Nikawapigia simu ya video wale wawili, nikaiinua juu. Leicester kwake ilikuwa saa nane usiku, kajifunika blanketi, kichwa peke yake ndicho kinaonekana. Muscat ilikuwa alfajiri. Ngoma ya kwanza inapigwa kwetu, kwake ikasikika adhana. Akasema, "Subirini," akazima sauti, akaenda kusali, na Queen hawakusubiri. Baadaye Brian May akakaa peke yake mbele na gitaa kavu, akapiga "Love of My Life", na Freddie akatokea kwenye kioo kikubwa kana kwamba yupo. Nilimtazama Leicester kwenye simu nione uso wake. Kalala. Kafungua mdomo, kalala fofofo. Kesho yake aliniambia sauti ilikuwa mbovu na Mankato anaimba vibaya.

Hiyo ilikuwa Oktoba. Sasa nifike Februari, sehemu ambayo siipendi.

Ijumaa, 2 Februari, Leicester aliandika kwamba leo hakwenda. Kachoka kulala kitandani kama samaki wa mnadani, kawapigia simu kuwaambia ana mafua, kakaa nyumbani kasikiliza Led Zeppelin mwanzo mpaka mwisho. Akaongeza kwamba hata Jumatano hakwenda. Sisi tulifanya nini? Muscat alituma uso unaocheka. Mankato aliandika, "Mzee ni mtoro!" Mimi nilituma picha ya mkono umeinua vidole viwili vya rock, nikaandika, "Zeppelin nayo ni dawa."

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo. Yapo pale pale, WhatsApp haifuti aibu ya mtu.

Wenye ndugu wa figo wanajua kinachotokea. Mashine inafanya kazi ambayo figo zimeikataa: inatoa maji na sumu, na inatoa potasiamu. Ukiruka mara moja maji yanajaa, miguu inavimba, pumzi inakata. Ukiruka mara mbili mfululizo, potasiamu inaweza kuusimamisha moyo bila kubisha hodi. Mimi nilikuwa sijui. Lakini sikuuliza pia. Jumapili usiku alituambia kifua kinambana kidogo, kisha akaandika habari ya mpira. Jumatatu nilimwandikia saa kumi na nusu alfajiri, kabla sijawasha basi. Tiki moja ya kijivu. Jioni, tiki moja ya kijivu. Jumanne vile vile.

Siku ya tatu Muscat akanipigia, jambo ambalo hatulifanyi. "Kaka Savage, jina lake nani?"

Nikafungua mdomo nikakuta sina la kusema. Miaka mitano. Najua alivyokosa choo Knebworth. Najua anaogopa ngazi za umeme. Najua mlango wake ni wa buluu, najua hali vitunguu vibichi, najua aligombana na mwanawe wa kwanza na walipatana lini. Jina lake sijui. Mkewe simjui, mtaa siujui. Na hospitali ya Uingereza utaipigia uulize nini? "Mna mzee anayependa Deep Purple?" Nilipiga namba yake kwa njia ya kawaida, ikaniambia haipatikani. Mankato, ambaye kwa mambo ya kompyuta ndiye fundi wetu, alihangaika usiku mzima na picha za zamani, akaambulia paka wa jirani.

Binti yangu aliuliza kila siku akitoka shule. "Babu kajibu?" Siku ya nne nikaanza kuchelewa kwa makusudi kurudi nyumbani.

Aliyemaliza kazi ni Muscat, na hakutumia intaneti. Alikumbuka kwamba siku moja, katika ubishi wa nani anajua saa nzuri, Leicester alisema baba yake alikuwa fundi saa Vikokotoni. Muscat akamwendea shangazi yake, bibi wa miaka zaidi ya sabini, akamuuliza: fundi saa wa Vikokotoni watoto wake wako wapi? Bibi hakufikiri hata dakika. Wasichana wawili wako Dubai, mmoja kafa, wa kiume mmoja alikwenda Uingereza akaoa kwa watu fulani wa Makunduchi. Watu wa Makunduchi wana binamu Coventry. Coventry akampigia mtu wa Leicester. Ijumaa, 16 Februari, saa tisa alasiri, nikiwa nimeegesha basi nje ya shule nasubiri watoto, simu ikaita kwa namba ya Uingereza.

"Wewe ndiye Savage?" Sauti ya mwanamke, imechoka.

"Ndiye mimi, shemeji."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema mumewe yu hai. Alimkuta Jumatatu asubuhi alipotoka zamu ya usiku, kaanguka kati ya jikoni na ukumbi, simu imevunjika chini yake. Moyo ulikuwa umeanza kwenda ovyo. Walimlaza chumba cha mahututi siku sita, sasa yuko wodini, anakula. Simu ilipotengenezwa akaona ujumbe unamiminika kutoka kwa watu wanaoitwa Muscat na Mankato na Savage. "Nikadhani matapeli. Mtu anaitwa Savage anamuuliza mume wangu 'uko hai?' Nikaizima."

Nikacheka, naye akacheka kidogo. Nikadhani yameisha. Halafu akasema, "Shemeji, nimefungua nikasoma. Kwa hiyo nyinyi mlijua kwamba hakwenda."

Watoto walikuwa wameanza kutoka shuleni, wanakuja mbio kwenye basi na mabegi yao.

"Mie natoka kazini asubuhi, nalala, najua kachukuliwa na gari kapelekwa. Jumatano nimelala, Ijumaa nimelala. Mimi mkewe sijui. Mjukuu wangu hajui. Muscat anajua. Wewe Marekani huko unajua, unamtumia vidole."

Nilimwambia nisamehe, shemeji. Sikuwa na jingine. Hakusema kanisamehe. Alisema, "Haya, watoto wako hao nawasikia, endesha salama," akakata. Niliendesha njia nzima bila redio.

Nimelifikiria sana neno lake, na sina jibu zuri. Naelewa kwa nini mzee alituambia sisi. Mke ukimwambia umechoka na mashine, anaumia, analia, anapiga simu kwa daktari. Rafiki wa mbali ukimwambia, anakurushia wimbo. Ni wepesi huo tulioupenda. Mimi mwenyewe kuna mambo ya mkopo wa nyumba ambayo Muscat aliyajua kabla ya mama watoto. Lakini mtu anapokuchagua uwe wa kwanza kujua, na wewe uko umbali wa bahari nzima, bado ulikuwa na simu mkononi. Ningeweza kumwandikia maneno mawili tu: nenda Jumatatu. Au hata jioni ile kumuuliza, mkeo anajua? Sikumuuliza kwa sababu tungeharibu mazungumzo.

Mzee mwenyewe alituma sauti siku chache baadaye, nyembamba kama ya mtu mwingine. "Savage, nasikia mmenitafuta kama mbuzi wa arusi. Fundi saa! Yaani nimekaa Uingereza miaka arobaini, nikatafutwa kwa jina la baba." Binti yangu aliisikiliza chumbani mara nyingi, mlango umefungwa. Hakusema kitu. Jioni nikasikia besi.

Baada ya hapo Muscat alitoa amri, na mwalimu akitoa amri mnatii: kila mtu aandike jina lake kamili, na namba ya mtu mmoja wa nyumbani. Nilidhani ni jambo dogo. Jina la Leicester lilipotokea kwenye kioo, majina matatu yamepangana, nilihisi nimeingia chumbani kwa mtu bila hodi. Sijaweza kumwita kwa jina hilo. Mankato alikaa siku tatu. Mwishowe akasema, "Wazee, mimi mamangu hajui kama naendanga concert. Anajua nasoma." Tukamwambia alete hata namba ya dada yake. Akaleta ya dada. Na mimi nilimketisha mama watoto mezani nikamwonyesha namba zao tatu, nikamweleza nani ni nani. Aliniuliza, "Na ya mkopo wa nyumba wanajua?" Nikasema wanajua. Hayo tuliyamaliza usiku, hayawahusu.

Shemeji sasa yumo kwenye kundi, kwa amri yake mwenyewe. Rock haipendi na hafichi. Akiona wimbo wa Duma anajibu kwa Bi Kidude. Kitu kikubwa anachoandika ni neno moja, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa: "Kaenda." Sisi wote tunaweka alama ya moyo. Ramadhani nzima mzee hakufunga, daktari alimkataza, akawa analalamika kwamba sote tunamringia njaa. Siku ya Idi shemeji alituma picha yake kavaa kanzu, kashika gitaa la besi, kakonda.

Agosti 2024 Metallica walipiga U.S. Bank Stadium, tarehe 16 na 18, na jukwaa lao waliliweka katikati ya uwanja, watu wakawazunguka kama ngoma ya kijijini. Mankato alikuwa na tiketi, mimi nilinunua mbili, ya pili ya binti, na safari hii nilimwambia mama watoto kabla ya kulipa. Leicester aliandika kwamba kama hatuwezi kumbeba, basi tumletee fulana, nyeusi, saizi kubwa kabisa, ile anayovaa siku zote.

Dakika haikupita, shemeji akaandika chini yake: "Saizi ya kati. Kapungua."